Ruphin na Ngoma za Leander Briggs

Mara ya tatu Ruphin alipoipeleka amplifaya yake Fordsburg, fundi Salum hakuifungua hata skrubu moja. Aliiweka juu ya meza, akaifunika kwa kitambaa, akangoja mwenyewe aje kuichukua. Aliyekuja hakuwa Ruphin bali mkewe, Hélène. Ijumaa ile alikuwa amekwenda kununua nywele za kusukia wateja wake wa saluni kwenye maduka ya jumla ya mtaa uleule, na mumewe alimwomba apitie kwa fundi akirudi.

Salum alikuwa mtu wa Tanga, mpole. Alikuwa na miaka kumi na minane Johannesburg, na bado hakuweza kugusa jambo lolote kabla ya kumuuliza mtu habari za nyumbani, za kazi na za watoto. Siku hiyo aliziuliza zote, lakini mashine hakuigusa. Hélène akajua kuna neno.

"Shemeji," Salum akasema hatimaye, "mashine hii haina ugonjwa."

Akamweleza. Mara ya kwanza, mwezi wa pili, Ruphin alikuja akisema matoazi yamepotea kwenye santuri zake. Ngoma anazisikia, lakini zile sahani za shaba anazozigonga mpiga ngoma hazilii tena. Salum akaifungua mashine, akaipangusa vumbi, akabadilisha waya ambao wala haukuwa mbovu, ili mteja aridhike. Mwezi wa tano akaja tena, safari hii tarumbeta inalia kama imefunikwa blanketi. Na sasa, mwezi wa tisa, alisema mashine imeziba kabisa. Alipomaliza kueleza, Salum akaiunganisha amplifaya na gramafoni ya dukani, akaweka santuri kuukuu iliyokuwa karibu, na sauti ikajaa chumba kizima mpaka mama mmoja aliyekuwa akipita nje akageuka kutazama.

"Unasikia?" akauliza.

"Nasikia."

"Basi labda si mashine, shemeji."

Hélène alikasirika, na hakujua amekasirikia nini. Alimwambia Salum kwamba mume wake ana miaka hamsini na tisa tu, si kikongwe. Akaipakata amplifaya kifuani kama mtoto, mfuko wa nywele ukining'inia mkononi, akatoka bila kuaga vizuri. Alipofika kwenye robot ya kona, kama wanavyoziita huku taa za barabarani, na kusimama kungoja, hasira ilikuwa imekwisha. Kilichobaki ni kukumbuka, na alipoanza kukumbuka hakuweza kuacha.

Walikuwa watu wa Kalemie, huko Kongo, kandokando ya ziwa. Walifika Johannesburg mwaka 2001 na binti yao wa pekee, Carmel, akiwa na miaka mitano. Ruphin alikuwa fundi cherehani kwa kazi, lakini miaka ile ya mwanzo hakuna aliyemjua, akakubali kuwa mlinzi kwenye mtaa wa Observatory, kwenye lango la nyumba moja iliyojengwa mlimani. Siku wenye nyumba walipohamia ng'ambo, mama wa nyumba alimwita uani akamwonyesha maboksi yaliyopangwa ukutani, gramafoni, amplifaya na spika mbili zenye kimo cha mbuzi. Akamwambia achukue apendacho, kinachobaki kinakwenda jalalani. Ruphin alichukua vyote. Aliteremka navyo mlima ule kwa toroli la dukani, safari tano, na Hélène alipofungua mlango akafikiri mumewe amefukuzwa kazi na kurudi na vyombo vya watu.

Ndani ya maboksi mlikuwa na santuri za jazi ya Amerika, za zama za miaka ya hamsini na sitini, ile aina ambayo wapenzi wake huiita hard bop. Kumi na moja kati yake zilikuwa na mpiga ngoma mmoja, Leander Briggs. Kwenye majalada alipigwa picha mdomo wazi, shingo imepinda, kama mtu anayebishana na ngoma yake. Ruphin hakujua lolote juu ya muziki huo. Alizisikiliza kwanza kwa sababu zilikuwa zake, halafu akaendelea kwa sababu hakuweza kuziacha. Aliwahi kumweleza Hélène kwamba yule Briggs alikuwa mkubwa wa kundi, na wenziwe walikuwa vijana. Ukisikiliza vizuri unamsikia akiwasukuma kwa nyuma, kama mtu anayemsaidia mwenzake kupandisha baiskeli kilimani. Kijana akitaka kurudi nyuma, ngoma inamgongagonga mgongoni: twende, twende, karibu tunafika.

Hélène hakuupenda. Kwake ulikuwa kama mtu aliyetumwa chumvi nyumba ya jirani, akaingia kila nyumba ya mtaa kusalimia kabla ya kurudi nayo. Hata hivyo aliosha vyombo, akakunja nguo na kumenya viazi ndani ya muziki huo miaka kumi na mitatu, na kitu kikikupitia masikioni kwa muda huo wote kinajenga makao humo, upende usipende.

Baadaye Ruphin alirudia kazi yake, akapata chumba cha ushonaji karibu na soko la Yeoville. Siku moja mzee mmoja wa Soweto aitwaye Bra Molefi, yaani Kaka Molefi, alileta koti la kupunguzwa, akamsikia Briggs akilia kutoka nyuma ya pazia, akasimama pale mkono mmoja ndani ya koti na mwingine nje mpaka upande mzima wa santuri ukaisha. Ndiye aliyemwingiza Ruphin kwenye chama chao kule Dube, Soweto. Wazee wapenzi wa jazi walikutana kila Jumapili ya pili ya mwezi, na kila mmoja kwa zamu alipewa saa moja ya kupiga santuri zake na kuzieleza. Kwa miaka tisa Ruphin alikuwa Mkongomani peke yake pale. Hélène hakuwahi kwenda, maana Jumapili yake ilikuwa ya kwaya.

Sasa, akiwa amesimama kwenye robot na mashine nzima kifuani, aliyaona yote aliyoyapita bila kuyatazama. Ruphin alikuwa ameacha kupokea simu. Ikilia alimsukumia yeye, "Ongea na mtoto wako," na Carmel, aliyekuwa akisoma Cape Town, alikuwa ameshamuuliza mama yake mara mbili amemkosea nini baba. Hélène alidhani mumewe amenuna kwa sababu binti hakuja Pasaka. Alikumbuka pia kwamba siku hizi Ruphin alimtazama sana usoni akizungumza. Hilo lilimfurahisha, akalichukulia kuwa mapenzi ya uzeeni.

Alifika nyumbani, akamkabidhi mashine, na alipoulizwa Salum amesemaje akajibu kwa kichwa tu kwamba mambo sawa. Hakuwa na ujasiri wa zaidi.

Kesho yake, Jumamosi, mteja wake wa mchana aliahirisha, kwa hiyo Hélène akatoka saluni mapema. Walikuwa wakiishi Observatory, vyumba viwili nyuma ya nyumba kubwa. Alifungua mlango taratibu. Ruphin alikuwa amekaa kwenye kiti chake mbele ya gramafoni, amefumba macho, na Hélène alidhani amelala, kwa maana chumba kilikuwa kimya. Maji ya jirani yalisikika yakidondoka kwenye sinki upande wa pili wa ukuta.

Halafu akaona santuri inazunguka. Taa ya amplifaya ilikuwa inawaka. Lakini nyuma yake waya wa spika ulikuwa umelala sakafuni. Ruphin aliiunganisha mashine haraka, akausahau, au ukachomoka, na hakujua.

Vidole vyake vilikuwa vinatembea juu ya magoti.

Hélène alivua viatu, akasogea, akainamisha sikio karibu na sindano. Sindano ya gramafoni, hata pasipo spika, ina sauti yake ndogo, kama mdudu ndani ya kiberiti. Ndani ya sauti hiyo akamsikia Leander Briggs. Aliijua santuri ile kwa vyombo vyote alivyoviosha. Kuelekea mwisho wa upande wa kwanza, wengine wote hunyamaza na Briggs akaachwa peke yake. Akageuza macho kwenye magoti ya mumewe. Mkono wa kushoto ulikuwa unakokota, wa kulia unadonoa, na yote miwili ilikwenda sawasawa na yule mdudu wa kwenye kiberiti, pigo kwa pigo. Kuna mahali Briggs husita, kama mtu aliyefika mlangoni akakumbuka kitu. Hélène akapangoja mahali hapo. Sindano ikanyamaza. Vidole vya Ruphin vikasimama hewani. Vikashuka pamoja.

Ilimbidi akae chini sakafuni. Wazo lake la kwanza lilikuwa kutoka nje na kuingia upya kwa kishindo, ili asiwe ameona. Badala yake akauokota waya, akauchomeka mahali pake. Ngoma zikapasuka chumbani, sakafu ikatetemeka, na Ruphin, aliyekuwa miguu mitupu, akafumbua macho. Alimwona mkewe chini, akauona mkono wake ukiwa bado kwenye waya.

"Ulikuwa umechomoka?" akauliza.

Hélène akaitikia kwa kichwa.

"Tangu mwanzo?"

"Tangu nilipoingia."

Ruphin akaitazama santuri ikizunguka mpaka sindano ikafika katikati na kuinuka. "Mi nilikuwa naisikia," akasema. "Yote."

"Papa Carmel, tangu lini?"

Ruphin alikuwa anautafuta mdomo wake kwa macho, na Hélène akatambua kwamba ameuliza akiwa ameinamisha kichwa. Akajisogeza mbele ya magoti yake, akainua uso, akauliza tena polepole.

Basi Ruphin akasema. Sikio la kushoto liliondoka mwaka jana, kidogokidogo, kama mpangaji anayehamisha vitu vyake kimoja kimoja ili mwenye nyumba asijue. La kulia likafuata. Tangu Pasaka alikuwa akisikia mvumo tu, na vishindo. Mwanzoni aliamini kweli ni mashine. Alipoacha kuamini, aliendelea kuipeleka kwa Salum, kwa sababu mashine inatengenezeka. Dukani aliwapa wateja kalamu waandike wenyewe, akisema ni utaratibu mpya. Na simu ya Carmel hakuipokea kwa sababu simu haina mdomo wa kutazama. Mtoto angeuliza swali, yeye angejibu lingine, na mtoto angejua.

"Anadhani umemchukia," Hélène akasema.

Ruphin alifunika uso kwa mikono. Hélène alimshika vifundo vya miguu, kwa sababu ndivyo vilivyokuwa karibu, wakakaa hivyo mpaka jua likahama dirishani. Jioni ileile aliandika ujumbe mrefu kwa Carmel, akampa Ruphin ausome kwanza, naye akaongeza mstari mmoja kwa Kifaransa ambao Hélène hakuusoma. Carmel alijibu kwamba atakuja mwezi wa kumi na mbili, na kwamba tangu sasa watapiga simu ya picha, naye atasogeza mdomo karibu na kamera.

Jumatatu walikwenda hospitali kuandikisha jina, wakapewa tarehe ya mwezi wa kumi na moja. Lakini kulikuwa na jambo la karibu zaidi. Zamu ya Ruphin pale Dube ilikuwa imefika, tarehe nane mwezi wa kumi. Alimwomba Hélène ampigie Bra Molefi aseme mumewe ni mgonjwa, na baada ya hapo asiseme tena lolote. Chama kingemsahau taratibu, nalo lingekuwa limepita. Hélène akapiga. Kabla hajafungua kinywa, Bra Molefi alishaanza kumwambia jinsi walivyokuwa wakiingoja saa hiyo ya Briggs, kwamba mzee wao Ndaba, mwenye miaka themanini na moja, ameshanyoosha suruali. Hélène alijikuta akisema kwamba watakuja wote wawili.

Ruphin alikasirika siku mbili. Siku ya tatu akatoa santuri nne, akazipanga mezani.

Kwa majuma mawili walifanya kazi kila alasiri baada ya saluni. Ruphin angeeleza, maneno alikuwa nayo yote kichwani. Hélène angekaa kwenye gramafoni na kuwa sikio. Wakapatana ishara. Tarumbeta ikiingia, angeinua kidole kimoja; saksofoni viwili; piano angefungua kiganja. Ruphin akiona ishara angemtaja mpigaji na kusema aliyotaka kusema. Alimfundisha kutofautisha vyombo kwa kuuweka mkono wa Hélène juu ya spika, kisha wa kwake mwenyewe juu ya mkono huo, na ilikuwa ajabu kwa Hélène kufundishwa kusikia na mtu asiyesikia. Siku moja Hélène alimuuliza ni kwa nini mahali fulani Briggs hugonga ukingo wa ngoma badala ya katikati. Ruphin aliinua sindano kwanza, ndipo akamjibu. Katika miaka yote ile hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mkewe kumuuliza swali juu ya Briggs.

Jumapili ilipofika, Hélène aliomba ruhusa kwenye kwaya. Walikutana kwenye gereji ya Bra Molefi, milango ikiwa wazi kuelekea uani, viti vya plastiki vimepangwa, na sufuria za matumbo na mkate wa mvuke zikiwa zimefunikwa pembeni. Hélène alikuwa amefikiria vizee wa kusinzia. Aliwakuta wanaume waliovaa suruali zilizopigwa pasi hadi zikasimama, kofia zimelazwa upande, viatu vya rangi mbili, na akina mama kadhaa waliopendeza vivyo hivyo. Nusu ya makoti yale alitambua mishono yake: ilikuwa ya mumewe.

Saa ya kwanza ilikuwa ya mtu mwingine, na hapo ndipo Hélène alipoona jambo ambalo Ruphin hakuwahi kumsimulia. Watu wale hawachezi wawili wawili. Mtu huinuka peke yake, akachagua chombo kimoja ndani ya muziki, akakifuata kwa mwili wake. Mmoja akiwa tarumbeta, vidole vitatu vinabonyeza hewani. Mwingine akiwa besi, anavuta nyuzi zisizoonekana toka begani hadi kiunoni. Tarumbeta ikinyamaza, aliyekuwa akiifuata huketi.

Zamu ya Ruphin ilipoanza, aliwaomba wakae na kusikiliza tu. Alikuwa amesimama karibu na spika, mkono mmoja mfukoni, na Kiingereza chake cha Johannesburg kilichotiwa Kifaransa kilitoka vizuri. Santuri ya kwanza ikaenda. Hélène aliinua kidole, Ruphin akataja tarumbeta. Akafungua kiganja, Ruphin akasema habari za piano, watu wakatikisa vichwa kukubali. Ya pili ikaenda pia. Hélène alianza kupumua.

Santuri ya tatu ilikuwa imechakaa kuliko zote, na karatasi yake ya katikati ilikuwa imefutika pande zote mbili. Nyumbani walikuwa wameutia upande mmoja alama ya msalaba kwa chaki ya fundi cherehani. Ndani ya mfuko chaki ilikuwa imefutika. Hélène aliugeuza upande huu, akaugeuza upande ule, watu wakimngoja, akakisia.

Ruphin alikuwa ameshaanza. Alisema sasa watamsikia Briggs mwingine, Briggs anayeshika fagio mbili ndogo badala ya fimbo, akipapasa ngoma polepole nyuma ya piano, kama mama anayemfunika mtoto shuka. Akafumba macho. Sindano ikashuka, na tarumbeta na ngoma zikafumuka pamoja kwa kasi kama kuku waliofunguliwa banda.

"Sikieni upole huo," Ruphin akasema.

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka. Watu walitazamana, kisha wakamtazama yeye, na yeye, macho yamefumbwa, aliendelea kusema kwa sauti ya chini juu ya shuka na mtoto. Hélène aliinua kidole, akainua mkono mzima, lakini mumewe hakuwa anatazama. Angeweza kuinua sindano. Hakuiinua. Aliona akiinua atakuwa amemvua nguo mbele za watu.

Labda mtetemo wa sakafu ndio uliomwambia. Ruphin aliacha kuzungumza katikati ya neno, akafumbua macho, akaweka kiganja juu ya spika. Uso wake ukabadilika. Alimtazama mkewe, akaona machozi, akaelewa. Akageukia viti.

"Wazee wangu," akasema, "nisameheni. Nawaeleza wimbo mmoja na nyinyi mnasikia mwingine. Mi sisikii tena. Tangu Pasaka sisikii."

Bra Molefi aliinuka kwenda kuizima gramafoni. Mzee Ndaba akamzuia kwa mkono. Yeye mwenyewe akasimama, na kusimama kwake kulichukua muda, akavua kofia akaiweka kitini, akatembea mpaka mbele ya Ruphin, hatua mbili kutoka usoni pake. Akaanza kucheza ngoma. Mguu wa kulia ulikuwa ngoma kubwa. Mkono wa kushoto, chini karibu na nyonga, ulikuwa ile ndogo yenye mlio mkali. Na mkono wa kulia aliuinua hadi usawa wa sikio, na kwa ncha za vidole, upesi, laini, akawa anagonga matoazi. Yale matoazi ambayo Ruphin aliyatafuta kwa fundi tangu mwezi wa pili yalikuwa pale mbele ya macho yake, hakuna hata moja lililopotea.

Bwana mmoja mfupi akainuka akawa tarumbeta. Mama mwenye gauni la kijani akachukua besi. Bra Molefi, kwa kuwa alikuwa ameshasimama, akachukua piano. Wakajipanga mbele ya Ruphin kama kundi jukwaani, ila wao waligeukia mtu mmoja tu. Kiganja kimoja cha Ruphin kilikuwa juu ya spika, macho yakihama kutoka mikono hii kwenda mikono ile, midomo ikisogea. Hélène hakuwahi kumwona mtu akisikiliza kwa namna hiyo.

Ghafla Ruphin akainua kidole kwa Bra Molefi. "Umetangulia," akamwambia. "Piano bado. Mwache Briggs amalize kwanza."

Na kweli, piano ilikuwa bado. Gereji nzima ikacheka, Bra Molefi akiwa wa kwanza, na Ruphin akacheka nao, ingawa kicheko alikiona tu. Ilipoisha wakairudia santuri ileile tangu mwanzo, na safari hii kila mtu aliinuka. Hélène peke yake alibaki kitini, akiilinda gramafoni asije mtu akaigonga.

Bra Molefi aliwarudisha nyumbani kwa gari lake. Njiani Hélène alimgeukia mumewe, akamwomba radhi, akamweleza habari za chaki. Ruphin alimwacha amalize.

"Upande ule nilikuwa nimeusahau," akasema. "Miaka yote naweka wa kwanza. Ni mzuri, Mama Carmel. Kesho tuuweke tena."

Mwezi wa kumi na moja daktari, msichana aliyeonekana wa umri wa Carmel, alisema sikio la kushoto limekwisha, la kulia lina kidogo kinachoweza kusaidiwa. Jina likawekwa kwenye orodha ya wanaongoja kifaa cha kusikilizia, na kilikuja baada ya miezi kumi, kidogo kama punje ya haragwe. Siku ya kwanza nacho Ruphin alitembea nyumba nzima akigusa vitu: kijiko na sahani, karatasi, bawaba ya mlango. Alikaa uani akiwasikiliza watu wa nyumba kubwa wakigombana na kusema wanazungumza vizuri sana. Usiku ule alizungumza na Carmel simu ya kawaida, bila picha, nusu saa nzima. Lakini alipoweka santuri, Briggs alilia kama misumari ndani ya kopo. Alijaribu siku tatu, kisha akakata shauri: kifaa kitakuwa cha watu, na santuri atazisikiliza kama alivyozoea, kiganja juu ya spika na macho yamefumbwa. Huko kichwani Briggs alikuwa mzima, na matoazi yake yote.

Kwenda Dube waliendelea, na Hélène alikwenda naye mwezi mmoja, mwezi mwingine akabaki na kwaya. Mwanzoni mwa mwaka 2019, orodha ya zamu ilipobandikwa kwenye ukuta wa gereji, jina la Hélène lilikuwapo kwenye mwezi wa tatu. Alikwenda kwa Bra Molefi kulikataa. Alisema yeye hajui majina ya watu hao, hajui miaka, anajua tu ni santuri ipi ilikuwa inalia siku alipokuwa akifanya nini. Bra Molefi alimwambia kwamba hilo ndilo wanalotaka kusikia, na kalamu ya kulifuta jina hakumpa.

Ruphin akasema hawezi kwenda mbele za watu na gauni la kanisani. Alinunua kitambaa cha bluu iliyoiva, akafunga duka mapema Alhamisi, akamsimamisha katikati ya chumba. Kifaa kilikuwa sikioni. Hélène alijipima kwa futi mwenyewe kwa sababu Ruphin hakutaka kuinama kusoma, akamsomea vipimo kimoja baada ya kingine: bega, kifua, urefu wa mkono. Ruphin akaviandika kwenye daftari.

"Kiuno?"

Akamtajia. Ruphin akaandika, kisha akainua kichwa na kumsogezea sikio la kulia.

"Sema tena."

"Umeshaandika, naona."

"Nimeandika," Ruphin akasema. "Sema tu, nikusikie."

Hélène akasogea karibu, akamtajia.